Namba ya Ukubwa wa Kiganja

Juzi, hapa Malindi ninapoishi, kijana wa jirani alikuwa amechuchumaa kando ya tuktuk yake akipaka namba ubavuni. Chama chao kimewaamuru kila mmoja awe na namba. Nilikuwa napita na mfuko wangu wa mboga, na harufu ya thina ikanifikia kabla sijamwona mwenyewe. Nikasimama. Aliinua uso akaniuliza, "Madam, imekaa poa?" Ilikuwa namba ndogo, nyembamba, yenye vimikia, ya rangi ya kahawia iliyofifia. Kabla sijafikiri lolote nikasikia mdomo wangu ukipiga kelele: "Futa! Weka kubwa! Weka nyeusi!" Watu waliokuwa kwenye kibanda cha chapati wakageuka wote. Mboga zilikuwa zimemwagika miguuni pangu. Yule kijana alinitazama, akasema polepole, vile mtu anavyozungumza na mgonjwa, "Sawa mathe, sawa. Nitaweka kubwa." Nilirudi nyumbani nikakaa kitandani na viatu vyangu, mimi mtu mzima mwenye watoto.

Wenzangu wa rika langu mliokulia Garsen huenda mkanielewa. Mnaikumbuka siku ile ya mbio za magari. Ila ninyi, najua, mnaikumbuka kwa vumbi na kwa soda za bure, na kwa yule mtangazaji aliyekuwa na mdomo usiochoka. Mimi naikumbuka kwa namba.

Nianze na Bibi, kwa sababu bila yeye hamtaelewa kitu. Bibi yangu, mama yake mama, hakuhesabu chochote chenye uhai. Sisi Waorma wa upande ule tulilelewa hivyo, ingawa sidhani kuna aliyelishika jambo hilo kwa ukali kama yeye. Ng'ombe hawahesabiwi, watoto hawahesabiwi, hata wageni walioketi mkekani hawahesabiwi. Nilikaa kwake, nje kidogo ya Garsen, kwa sababu mama na baba walikuwa wakifanya kazi Hola na makao yao yalikuwa chumba kimoja. Kwa Bibi tulijaa wajukuu, tukilala tumebanana. Akija mtu wa chanjo ya mifugo na kalamu yake sikioni, akauliza, "Mama, ng'ombe wako ni wangapi?", Bibi alijibu, "Wako."

"Wako wangapi?"

"Wako tu. Unataka kununua?"

"Na wajukuu je?"

"Mungu anawajua."

Yule mtu alikuwa akiondoka ameandika anachotaka mwenyewe, na Bibi anamsindikiza kwa maziwa na maneno matamu.

Si kwamba hakujua kilicho chake. Jioni ng'ombe wakirudi alisimama langoni pa zizi, leso kiunoni, akiwatazama wakipita, kisha anasema, "Yule mwenye pembe iliyopinda hajarudi." Na kweli hajarudi. Aliwajua kwa sura zao na mwendo wao. Wewe mwenyewe jino likikung'oka unajua pengo liko wapi bila kuhesabu meno.

Siku moja nilimuuliza kwa nini hatuhesabu. Alinishika sikio, si kwa kuniumiza, akanivuta karibu na kuninong'oneza, "Kuna kinachosikiliza." Hakusema ni nini. Basi nikakiumba mwenyewe kwa akili yangu ya kitoto. Kilikaa ng'ambo ya ua wa miiba, ndani ya vichaka vya mathenge, kimetega sikio, na ukisema tano kinajua sasa kwamba wako watano, na kinamjia wa tano. Nilipoanza shule na kujua kusoma, hofu ilizidi badala ya kupungua, kwa sababu nilidhani kila kiumbe kizima kinajua kusoma. Kumbe hata namba iliyoandikwa kingeiona! Darasani nilihesabu mawe na vijiti bila taabu, lakini mwalimu aliponiambia nihesabu wenzangu kwenye benchi, nilijifanya nimebanwa na haja nikakimbia nje.

Mjomba Godana alikuwa kitindamimba wa Bibi, na ndiye mtoto pekee aliyebaki naye pale nyumbani. Alikuwa na gari dogo kuukuu la rangi ya maziwa, alilotumia kuwapelekea wachungaji dawa za mifugo huko mbugani. Mlango mmoja ulifungwa kwa kamba, na kiti cha nyuma kilinuka dawa ya kupe mpaka ukashuka macho yanawasha. Lakini Mjomba alipoketi nyuma ya usukani, lile gari lilipita mahali ambapo hata punda angefikiria mara mbili. Sisi watoto tulimwabudu. Akirudi tulimkimbilia wote, na yule wa kwanza kugusa boneti ndiye aliyepewa peremende.

Habari zikaja kwamba watu wa mbio za magari kutoka pwani wanataka kufanya mashindano kwetu. Magari yangeanzia upande wa Wenje, yapite mbugani, yamalizie Garsen. Mjomba alikwenda kujiandikisha akarudi anacheka peke yake. Namba yake ilikuwa kumi na saba. Aliambiwa iandikwe kwenye milango yote miwili, na iwe ya kusomeka kutoka mbali. Hilo la mwisho alilisema mara mbili, nami nililisikia.

Mchoraji alikuwa Komora, Mpokomo wa Wenje, rafiki yake tangu shule. Ndiye aliyeandika karibu kuta zote za maduka ya Garsen wakati ule, za hoteli, za kinyozi, za duka la dawa. Alikuja na makopo yake ya rangi, chupa ya thina na vipande vya katoni alivyokwisha kukata umbo la namba. Nilikaa chini nikamtazama asubuhi nzima. Hakugusa rangi kwanza. Alirudi nyuma, akalitazama gari, akasogea, akarudi tena.

"Tuongee ukubwa kwanza," alisema. "Ule mtu wa kuandika atasimama kule, sawa? Gari inapita mbio, vumbi imejaa. Ataona mlango yako mara moja tu, basi. Kwa hivyo namba ijaze mlango. Kutoka kiwiko mpaka ncha ya vidole, tena uongeze."

"Na mtindo?" Mjomba akauliza.

Komora akainua katoni zake moja moja. Ya kwanza ilikuwa nene, ya pembe nne, isiyo na madaha yoyote. Ya pili ilikuwa ya mviringo. Ya tatu ilikuwa nyembamba, yenye vimikia juu na chini, na hiyo mimi niliipenda papo hapo. "Hii ni ya saluni ya kina mama," Komora alisema akaitupa kando. "Vumbi inakula mstari mwembamba. Chukua hii nene. Nyeusi juu ya nyeupe. Na kati ya moja na saba niache nafasi, kwa sababu zikikaribiana, kwa mbali mtu anaona doa tu." Mjomba akachagua ile nene. Komora akapaka mraba mweupe mlangoni, akaupepea kwa kofia yake ukauke.

Hapo ndipo Bibi alipotoka ndani.

"Mnafanya nini?"

"Tunaandika namba, Mama," alisema Mjomba.

"Ya nini?"

"Ya gari. Kila gari imepewa yake."

Bibi aliunyooshea kidole ule mraba mweupe. "Na ndani ya gari kuna nani?"

"Mimi."

"Basi ni wewe umeandikwa."

Akaketi chini, mgongo wake umeegemea mlango wenyewe, rangi mbichi ikamshika kwenye leso, wala hakujali. Mjomba alichuchumaa mbele yake akambembeleza. Alimwambia ni mchezo tu, ni vumbi kidogo kisha arudi nyumbani. Alimwambia bila namba hawatamruhusu. Bibi alimsikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Mimi nilikuwa nimesimama kando, nikiutazama ukuta wa mathenge ng'ambo ya ua. Nilikuwa na hakika kwamba kinatutazama.

"Lazima?" Bibi aliuliza mwishowe.

"Lazima, Mama."

Akainuka, akageuka, akaweka kiganja chake mlangoni, vidole vimekunjwa kidogo kwa uzee. "Basi isipite hapa."

Komora akacheka kwa kudhani ni mzaha, kisha akaona si mzaha. "Mama Godana, hiyo ni saizi ya kadi ya harusi. Haifai mashindano."

"Wewe Fundi, kadi ya harusi imeua nani?"

Komora akamgeukia Mjomba. Mjomba alimtazama mama yake, akaitazama ile leso iliyochafuka, akacheka kile kicheko chake cha kumaliza mambo. "Andika tu, ndugu yangu. Anayeendesha ni mimi, si namba."

Basi ule mraba mweupe ukafutwa kwa thina, kwa tambara, mpaka mlango ukarudi kuwa rangi ya maziwa. Harufu ile ilinipanda kichwani nikalewa kidogo. Bibi akachagua rangi mwenyewe kutoka kwenye makopo, kahawia iliyopauka, ya chai iliyozidi maziwa. Akachagua na mtindo, ule wa saluni, kwa kuwa alisema huo angalau haupigi kelele. Komora hakujua kufanya kazi mbaya hata akilazimishwa. Aliiandika ile kumi na saba kwa utulivu, pumzi ameibana, kila kimkia mahali pake, mlango wa kulia kisha wa kushoto. Bibi akatandaza kiganja juu yake, na namba yote ikaenea chini yake.

"Haya, msomi," Mjomba aliniambia, "nenda pale kwenye banda la mbuzi utusomee."

Nilikimbia, nikageuka, nikakaza macho. Mlango ulikuwa mtupu. "Sioni kitu!" nilipiga kelele, nikarukaruka kwa furaha. Kama mimi mwenye macho mazuri sioni, basi kile kilichokaa kwenye mathenge, ambacho siku zote nilikidhania kina macho mabovu ya kizee, kingeona nini? Mjomba alicheka, Bibi alicheka mpaka akajifuta macho. Komora peke yake alikuwa akifunga makopo yake bila kucheka.

Siku yenyewe Mjomba aliondoka alfajiri kwenda Wenje. Bibi alisema haendi popote, yeye hana haja ya kutazama watu wazima wakichezea uhai. Lakini kufikia adhuhuri alikuwa ameingia na kutoka ndani mara nyingi mno, amefagia uwanja uliokwisha kufagiwa. Mwishowe akanishika mkono. "Twende tukaone kama soda ni ya kweli," alisema.

Garsen ilikuwa imejaa. Mnakumbuka. Kamba zilifungwa kando ya barabara, kipaza sauti kilitundikwa juu ya lori, na watu wa kuandika walikaa chini ya mwavuli. Magari yakaanza kuingia. Nilishangaa namba zao! Zilijaza milango, nyeusi tii juu ya nyeupe, nene, za pembe nne, vilevile Komora alivyotaka. Nilizisoma kabla sijajua hata gari ni la rangi gani. Na kila moja likiingia mtangazaji alipaza sauti mpaka masikio yakauma: "Namba tatu huyooo! Namba tisa! Namba kumi na mbili, karibu nyumbani!"

Mimi nilikuwa nimejificha ndani ya leso ya Bibi. Kila namba iliyotajwa ilinichoma. Niliwahurumia wale madereva, nikawatazama wakishuka na kukumbatiwa na wake zao, nikawaza, maskini, hawajui, wametajwa mbele ya kila kitu chenye masikio. Na kila namba ilipotajwa isiwe kumi na saba, nilishusha pumzi. Nilimbana Bibi mkono. Nilikuwa nikiomba, kwa moyo wangu wote wa mtoto, kwamba namba ya Mjomba isitajwe.

Haikutajwa. Jua lilipoanza kulala mtangazaji alisema, "Mabibi na mabwana, magari yote yaliyoondoka Wenje yamefika salama! Hesabu imetimia!" Watu wakapiga makofi. Kisha akaongeza, "Namba kumi na saba hakuanza. Nasikia ni kijana wa hapahapa. Godana, uko wapi bwana, umeogopa?"

Umati ukacheka. Kijana mmoja nyuma yetu akasema, "Mathake amemficha jikoni!" Wakacheka zaidi. Nilitazama juu nimwone Bibi ameudhika, lakini uso wake ulikuwa unang'aa. Sijawahi kumwona mwenye furaha namna ile. "Amenisikia," alisema. "Alhamdulillahi. Mwanangu amenisikia." Tulirudi nyumbani kwa haraka, yeye mbele, mimi nyuma na soda yangu. Aliwasha moto, akapika wali, akaufungulia samli ile aliyoiweka kwa ajili ya sikukuu, akamtengea Mjomba maziwa kwenye kibuyu chake. Tulipojaribu kuonja alitupiga vidoleni kwa mwiko. Alikuwa akiimba.

Hatukushangaa gari kutokuwepo uwanjani. Bibi alisema ameona haya, yuko mahali anangoja maneno ya watu yapoe. Hiyo ilitutosha.

Jioni ng'ombe walirudi. Bibi akasimama langoni kama kawaida yake, akawatazama wakipita, mpaka wa mwisho akaingia. Mchungaji akafunga lango kwa miiba. Bibi hakuondoka. Aliendelea kusimama, anatazama njia, uso umebadilika.

"Bibi, nani hajarudi?" nilimuuliza.

Alisogea karibu na miiba ya lango, mwiko wa samli ungali mkononi.

Ndipo Komora alipotokea, amepakiwa nyuma ya baiskeli ya mtu, akaruka kabla haijasimama. Alikuwa amekuja kwa lori kutoka Wenje na nguo zake zilikuwa vumbi tupu. "Mama Godana, amefika?"

"Hakuanza," alisema Bibi. "Wametangaza. Sisi tumesikia."

Komora alishika kichwa kwa mikono miwili. "Mama, ameanza. Mimi nimemwona na macho yangu. Nimesimama pale nimempungia. Vumbi ya gari ya mbele ilikuwa bado haijatulia, yeye akapita. Ule kijana wa kuandika aliuliza, hiyo ni namba gani? Mwenzake akasema, haina namba hiyo, ni gari ya watazamaji tu. Nikapiga kelele kumi na saba, kumi na saba! Injini zinalia, hakuna mtu amenisikia. Nikasema, si neno, watamsoma huko mbele. Nimefika hapa sasa hivi, nakuta watu hotelini wanacheka, eti Godana ameogopa."

Sijui kama niliielewa habari ile kwa kichwa. Nilijikuta nimekaa chini. Bibi alikuwa bado ameushika mwiko, na samli ilikuwa ikichuruzika kwenye mkono wake mpaka kiwikoni. Wachungaji walikuwa wamekwisha kuchukua fimbo na tochi. Wakati ule simu za mkononi zilikuwa za wachache, na huko mbugani hazikushika hata hivyo. Watu wa mashindano walikuwa wamefungasha na kwenda zao, kwa nini wasiende? Hesabu yao ilikuwa imetimia.

Sisi watoto tulifungiwa ndani. Kulipopambazuka nilisikia sauti za wanaume, nikapenya mlangoni. Walikuwa wamembeba juu ya mlango wa gari lake mwenyewe, ule uliokuwa ukifungwa kwa kamba, wameung'oa ukawa machela. Midomo yake ilikuwa imepasuka, uso umekuwa wa mtu nisiyemjua. Mguu mmoja ulikuwa umefunikwa kwa kikoi, na umbo la kile kilichokuwa chini ya kikoi halikuwa umbo la mguu. Na pale pembeni, karibu na bega lake, niliiona. Kumi na saba, ndogo, safi, kila kimkia mahali pake.

Alikuwa hai. Gari lilikuwa limeserereka kwenye kingo za mkondo wa zamani wa mto, likalala ubavu na kumbana. Baadaye sana, alipoweza kusimulia, Mjomba alituambia kwamba aliyasikia magari mengine yakipita kule juu kwenye vumbi. Alipiga honi mpaka betri ikafa. Halafu upepo ulipogeuka aliwasikia wale watu wa kituo cha mwisho cha kuandika magari, hawakuwa mbali, wakikunja turubai lao. Aliwaita. Walikuwa wakiimba kwa kumaliza kazi vizuri, wakawasha gari lao wakaondoka. "Niliwasikia wakiambizana, wote wamepita, twendeni," alisema. Alilisimulia hilo anacheka. Mimi nilitoka nje kwa sababu sikuweza kukaa nalo chumba kimoja, na mpaka leo siwezi.

Hospitalini Hola walimkata mguu chini ya goti. Bibi alikwenda naye, sisi tukabaki na majirani. Komora alikuja kila siku kutuletea mihogo kutoka shambani kwao, akakaa nje hatazami mtu, na jirani mmoja alipomwambia si kosa lake alisema tu, "Mimi ndiye najua kazi, ningekataa." Mlango ule ulikuwa umeegemezwa kwenye banda la mbuzi. Hakuna aliyethubutu kuugusa, nami nilipita mbali nao nikienda msalani.

Mimi nilikuwa na mkanganyiko mkubwa ambao sikumwambia mtu. Kila kitu nilichofundishwa kilikuwa kimegeuka. Wale wote waliotajwa kwa sauti kubwa, waliosomwa, waliohesabiwa mmoja baada ya mwingine, walikwenda nyumbani wakala chakula cha jioni. Kile kilichokuwa kwenye mathenge kiliwasikia wote na hakikumgusa hata mmoja. Kilimchukua yule tuliyemficha. Nililala macho wazi nikijiuliza, kumbe kilikuwa kinatafuta nini?

Bibi alirudi jioni moja, amekonda, leso ileile yenye doa jeupe la rangi. Hakuingia ndani. Ng'ombe walikuwa wanaingia, lakini hakuwatazama. Alituita sisi wajukuu tuje langoni tusimame mstari. Tulidhani ametuletea kitu kutoka Hola, tukasukumana. Akaenda kwa mkubwa wetu, akaweka kiganja juu ya kichwa chake.

"Moja," alisema.

Alisema kwa Kiswahili, lugha aliyoitumia sokoni na kwa wageni tu, Kiswahili cha kile kipaza sauti. Tuliganda. Nadhani hata ng'ombe waliacha kutembea. "Moja yuko," alisema, akasogea. "Mbili yuko." Binamu yangu aliyekuwa wa tatu alianza kulia, mkojo ukamshuka miguuni, akamshika Bibi mkono: "Bibi, usituhesabu! Bibi, tumekosa nini?" Bibi akambusu utosini, akasema tatu. Akasema nne. Akasema tano. Mimi nilikuwa wa mwisho, na sikuweza hata kukimbia. Kiganja chake kikatua kichwani pangu.

"Sita yuko."

Hakukiondoa. Akageuza uso kuelekea barabara ya Hola. "Saba ni Godana. Yuko hospitali. Anarudi." Kisha akaugeukia ule ukuta wa mathenge ng'ambo ya ua, mahali ambapo sikuwahi kumwambia mtu kwamba ndipo kinapokaa, akapiga kelele kwa sauti ambayo sikujua kama mwili wake mdogo unayo, nina hakika Garsen nzima iliisikia:

"Umesikia? Saba! Soma vizuri! Saba, na wote ni wangu!"

Nilifumba macho nikingoja. Kiganja kilikuwa bado juu ya kichwa changu, kilekile kilichopimia namba mlangoni.